Kuhudumia na Kuimarisha Gia Boksi ya Otomatiki ya Pikapu Yako Nyumbani

Shikamooni wazee wetu, na vijana wenzangu habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie gia boksi ya otomatiki, na najua wengi wenu mmekuja na swali moja: nifunge nini ili iwe na nguvu zaidi? Nitafika huko. Ila msimamo wangu nausema mapema. Gia boksi nyingi zinazofunguliwa gereji hazikufa kwa kukosa nguvu. Zimekufa kwa joto na kwa oili iliyochoka. Mtu akitaka kuimarisha, aanze na hayo mawili, tena yote yanafanyika nyumbani kwa mtu mwenye subira.

Tusizungumze kijumla. Tuchukue gia boksi moja, A750F ya Toyota, yenye gia tano za mbele. Ipo kwenye Prado nyingi za 120 na 150, kwenye FJ Cruiser, na kule Marekani kwenye pikapu za Tacoma za V6 zenye four-wheel. Inatengenezwa na Aisin, kampuni ambayo tawi lake la gia boksi lilizaliwa mwaka 1969 kwa ubia kati ya Wajapani hao na BorgWarner ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu ni imara, na kwa sababu haina kijiti cha kupimia oili. Hapo ndipo watu wengi hukwama.

Kwanza tuelewe oili ile inafanya nini. Kwenye injini, oili inalainisha tu na kupooza. Kwenye gia boksi ya otomatiki, oili ndiyo inayobeba nguvu yenyewe. Kati ya injini na gia kuna tokonveta, chombo ambacho asili yake ni hati miliki ya Mjerumani Hermann Föttinger ya mwaka 1905. Fikirieni feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: moja inazungushwa na injini, inasukuma oili, na oili inaizungusha ya pili. Kisha oili hiyohiyo, kwa presha, inabana klachi za ndani ili gia iingie. Ikipungua, ikichafuka au ikiwa nyepesi kuliko inavyotakiwa, klachi haibani sawasawa. Inateleza, inaungua, na vumbi lake linaenda kuziba njia nyembamba za vali bodi, ile sehemu inayogawa oili kwenye klachi.

Sasa joto linatoka wapi? Zile feni mbili zikizunguka kwa kasi tofauti, nguvu inayopotea hapo inageuka joto. Kwenye lami tambarare tokonveta inajifunga, zote zinazunguka pamoja, joto ni dogo. Panda mlima Kitonga ukiwa na mzigo wa mahindi, nyuma ya lori linalotambaa: tokonveta imefunguka, oili inachemka, na upepo wa kuipooza haupo kwa sababu mwendo ni wa kobe. Ndiyo maana kule mlimani shusha gia kwa mkono. Usiiache gari iamue yenyewe na kuyumba kati ya gia mbili.

Kuna maneno yamezagaa kwamba oili ya gia boksi hizi ni ya maisha, haibadilishwi. Toyota wenyewe, kwenye ratiba yao ya matengenezo ya Marekani, wanataka ibadilishwe kila maili 60,000, yaani karibu kilomita 96,000, kwa gari linalovuta tela au kubeba mizigo mizito. Niambieni pikapu gani hapa kwetu haibebi mizigo mizito? Na hilo ni gari lililonunuliwa jipya. Letu limekuja na meli likiwa limeshatembea, na historia yake hatuna. Binafsi sisubiri kilomita hizo.

Tuingie chini ya gari. Sakafu iwe ya saruji na sawasawa, maana gari likiinama hata kidogo levo ya oili inadanganya. Inua pembe zote nne, liketi kwenye stendi, si kwenye jeki. Tafadhali sana hapo. Jeki ni ya kuinulia, haikuwekewa binadamu alale chini yake.

Kabla hujagusa bolti ya kumwagia, fungua kwanza bolti ya kujazia iliyo ubavuni mwa gia boksi. Ukimwaga oili yote halafu ukute ile ya juu imeshika kutu na haifunguki, gari limekwama uani kwako. Ikifunguka, ndipo umwage ya chini, kwenye chombo unachoweza kukipima, kwa sababu utarudisha kiasi kilekile kilichotoka.

Hapa pana hesabu. Gia boksi hii inabeba oili takriban lita 10, lakini ukifungua bolti zinatoka lita 3 hivi. Nyingine imebaki ndani ya tokonveta na kwenye mabomba. Kwa hiyo ukimwaga mara moja, asilimia 70 ya oili bado ni ya zamani. Ukirudia baada ya wiki chache za kuendesha, inabaki kama asilimia 49. Ya tatu, 34. Wapo wanaokata bomba la kula, yaani kipooza oili, na kuiacha injini isukume oili yote nje. Inawezekana, lakini inahitaji watu wawili wanaoelewana, na kosa la sekunde chache linaiacha pampu kavu. Kwa nyumbani, mimi napendekeza kumwaga mara tatu.

Ukishusha sampo, lile bakuli la oili la chini, tazama sumaku zilizo ndani. Tope laini la kijivu ni kawaida, ni uchakavu wa miaka. Ukikuta vipande vinavyong'aa vinavyokwaruza kidole, kazi ya oili imeishia hapo, gia boksi inahitaji kufunguliwa. Futa sumaku, badilisha chujio na gasketi, kisha rudisha bolti ndogo za sampo kwa mkono mwepesi. Kipimo chake cha kukaza ni nyutoni mita 4.4 tu! Bolti ya kumwagia ni 20. Vijana wenye nguvu ndio huvunja hizi.

Oili iwe ile iliyoandikwa kwa gia boksi hiyo. A750F nyingi zinataka Toyota WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV iliyotangulia. Zote nyekundu, lakini hazichanganywi. Dumu ambalo kizibo chake kimeshaguswa, liache dukani.

Kupima levo ndiko kwenye kazi hasa. Chini ya sampo kuna bolti nyingine ndogo ya kufurikia. Ukisharudisha kiasi kilekile kilichotoka, washa injini, pitisha gia zote taratibu, kisha soma joto la oili kwa kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi wa kompyuta ya gari. Likiwa kati ya nyuzi 46 na 56, injini ikiwa inanguruma, fungua bolti hiyo. Oili ikichuruzika nyembamba, subiri iwe matone, funga. Isipotoka kitu, ongeza kwa juu mpaka ianze kufurika. Ukipima ikiwa baridi mno utajaza kupita kiasi, maana oili hutanuka, na ikizidi inapiga povu. Ukipima ikiwa ya moto sana, utamwaga uliyopaswa kuiacha. Kupima kwa kukadiria kwa kiganja hapana.

Na lile la kwamba ukibadilisha oili gia zitaanza kuteleza? Gia boksi iliyokwisha klachi inashikilia kwa msaada wa uchafu uliomo kwenye oili. Ukiuondoa, ugonjwa unajitokeza. Oili mpya haikuuleta. Kama gari lako tayari linateleza na oili inanuka kuungua, onana na fundi kwanza.

Basi, maboresho. La kwanza ni kula ya nje. Ile ya kiwandani imo ndani ya rejeta, na siku ikitoboka maji yanaingia kwenye oili, inakuwa maziwa ya waridi, na klachi zinabanduka. Funga kula ya bapa mbele ya rejeta, oili ipite kwenye rejeta kwanza, kisha kula ya nje, ndipo irudi. Mipira iwe ya oili ya gia boksi, usifunge ya petroli. Wa Makete na Njombe wafunge na termostati, ya kuizuia oili isipite kwenye kula ikiwa bado baridi, maana asubuhi za baridi za kule oili nzito haipiti vizuri. La pili ni kipima joto mbele ya macho yako. Joto likikaa karibu na nyuzi 80 au 90 endelea na safari. Likipita 120 mlimani, tafuta pa kusimama, weka N, acha injini inanguruma ili oili iendelee kuzunguka na kupoa, usizime.

Kubadilisha springi za vali bodi ili gia ziingie kwa kishindo, hilo mnaloliulizia sana, mimi silifanyi uani. Inahitaji meza safi isiyo na vumbi hata chembe, na kwa pikapu ya mizigo, ile kula ya nje itakusaidia kuliko kishindo hicho. Karibuni kwa maswali.