Kitenzi avoir: kianzie kwenye Kiswahili chako

Karibuni tena, wapenzi watazamaji. Daftari na kalamu mkononi. Leo tuna kitenzi kimoja tu cha Kifaransa: avoir, yaani kuwa na.

Andika kama unavyoona hapa:

j'ai – nina
tu as – una
il a, elle a – ana
nous avons – tuna
vous avez – mna
ils ont, elles ont – wana

Vous hutumika pia kwa mtu mmoja unayemheshimu. Yule unayemwamkia shikamoo, usimwambie tu as.

Sasa tutamke. J ya j'ai si ile ya jambo. Sema “sh”, kisha tia mtetemo wa koo, kama unavyotoka kwenye s kwenda z. Umeipata? As na a husikika sawa: “a”. Ils ont inasomwa “il-zon”, kwa z. Ukiteleza ukatia s, umesema ils sont, yaani wao ni. Nawe unajua umbali uliopo kati ya saa na zaa, basi hapa usilegeze ulimi.

Tuje kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Kosa ninalolisikia kila mara ni je suis vingt ans, yaani mimi ni miaka ishirini. Linatokana na kupitia Kiingereza, ambako mtu “ni” miaka ishirini. Wewe una Kiswahili! Nina miaka ishirini: j'ai vingt ans. Nina njaa: j'ai faim. Nina kiu: j'ai soif. Nina usingizi: j'ai sommeil. Neno kwa neno, bila kuzunguka.

Lakini njia hiyo haifiki kila mahali. Nina haraka ni je suis pressé, na mwanamke huandika pressée. Nina furaha ni je suis content, au contente. Hayo mawili yaandike pembeni kwa wino mwekundu.

Kukanusha: je n'ai pas, sina. Baada yake un, une na des, yale maneno madogo yanayotangulia jina la kitu, hugeuka de: j'ai un stylo, nina kalamu, je n'ai pas de stylo, sina kalamu. Mitaani utasikia j'ai pas, lakini kwenye mtihani andika kamili.

Avoir husaidia pia wakati uliopita: j'ai mangé, nilikula au nimekula. Hiyo tutaipa video yake.

Sasa simamisha video, useme kwa sauti, bila kuangalia daftari: Wana kiu. Hatuna kalamu. Bibi, una njaa?