Hiram Johnson, Gavana Aliyewapa Raia Uwezo wa Kumng'oa Gavana

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Nitamzungumzia Hiram Johnson, aliyeongoza jimbo la California kuanzia 1911 hadi 1917.

Bila reli huwezi kumwelewa mtu huyu. Kampuni ya Southern Pacific ilipanga nauli za mazao ya wakulima, na ilikuwa na watu wake bungeni Sacramento na ndani ya vyama. Baba yake mzazi, mwanasiasa Grove Johnson, alikuwa upande wa kampuni hiyo. Siasa ikawatenganisha baba na mwana.

Jina la Hiram lilivuma mwaka 1908. San Francisco ilikuwa na kesi nzito ya hongo dhidi ya Abe Ruef, aliyeliendesha jiji hilo kwa siri. Mwezi Novemba mwendesha mashtaka, Francis Heney, alipigwa risasi mle mle mahakamani. Alinusurika, lakini kesi ikabaki bila mtu wa kuikabili. Johnson akaishika, na Desemba Ruef akatiwa hatiani.

Mwaka 1910 akagombea ugavana. Alizunguka jimbo kwa motokaa akiahidi jambo moja: kuitoa Southern Pacific katika siasa. Akashinda.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 10 Oktoba 1911, kwa msukumo wa Johnson, wapiga kura walibadili katiba ya jimbo. Raia wakapata uwezo wa kukusanya saini na kupendekeza sheria wenyewe, kuikataa sheria ya bunge, na kumng'oa kiongozi kabla muda wake haujaisha, jaji pia. Siku hiyo hiyo wanawake walipata haki ya kupiga kura, kwa tofauti ya kura 3,587 tu, jimbo zima! Gavana gani hujitengenezea mlango wa kutolewa? Mwaka 2003 wananchi waliutumia kumwondoa Gavana Gray Davis.

Ila mwaka 1913 Johnson huyo huyo alitia saini sheria ya kuwazuia wageni wasioruhusiwa kuwa raia kumiliki mashamba. Haikutaja Wajapani, lakini kila mtu alijua walengwa ni wao. Rais Wilson alimtuma waziri wake, William Jennings Bryan, hadi Sacramento kuwasihi waiache. Hawakumsikia. Mimi naiita dhuluma, tena dhuluma iliyopendwa na wapiga kura wale wale aliowapa nguvu. Mahakama Kuu ya California iliibatilisha mwaka 1952, miaka saba baada ya Johnson kufariki akiwa seneta.