Skuta Haiwaki? Kabureta Iache Kwanza

Karibu mtazamaji. Skuta unayoiona hapa imegoma kuwaka, na leo tunaitafutia ugonjwa wake mimi na wewe. Nina ombi moja kabla sijashika spana: kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, tuiache kwanza. Najua mikono inakuwasha. Skuta ikigoma, wengi hukimbilia kabureta, wanaifumua, wanairudisha na skrubu moja imebaki mezani, kumbe shida ilikuwa fyuzi. Sasa wana shida mbili.

Injini ya petroli haitaki makubwa. Inataka cheche kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa, na mgandamizo, yaani mchanganyiko huo kubanwa ndani ya silinda. Kimoja kikikosekana, hailii. Kazi yetu ni kujua ni kipi kilichokosekana, basi.

Isimamishe kwa stendi kubwa mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara au moto wowote, na injini iwe imepoa. Washa ufunguo. Kama ina swichi ya kuzimia injini kwenye usukani, hakikisha haijazimwa. Kunja stendi ya pembeni, maana kwa skuta nyingi ikiwa chini injini haiwaki. Sasa bana breki na utazame taa ya nyuma. Stata, yaani mota ya kuwashia, kwa skuta nyingi haizunguki mpaka breki ibanwe. Taa isipowaka, jaribu breki ya upande wa pili. Ikiwaka kwa ile ya pili, umeshaupata ubovu: ni swichi ndogo kwenye mkono wa breki ya kwanza.

Bonyeza stata, usikilize. Ikigonga tik-tik-tik bila kuzunguka, betri imechoka au vichwa vyake vimelegea au vimeota kutu nyeupe. Kimya kabisa? Fungua kiboksi cha fyuzi. Fyuzi ikiwa imekatika, weka ya ampea zilezile. Ikikatika tena, kuna waya unaogusana mahali, na ukiweka kubwa zaidi ili "ivumilie" utaunguza nyaya zote.

Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 kwenda juu kidogo. Chini ya 12 inahitaji chaji. Mwambie mtu abonyeze stata huku wewe ukiitazama mita: ikiporomoka chini ya 10, hiyo betri haina nguvu hata kama ikipumzika inasoma vizuri. Na usihangaike kuisukuma ili iwake. Klachi ya skuta hushika injini ikishakuwa na mzunguko mkali, kwa hiyo utasukuma hadi uchoke na injini wala haitajua. Piga kiki kama ipo. Skuta ya injekta, yaani inayonyunyiza petroli kwa umeme badala ya kabureta, ni hadithi nyingine: betri ikiwa hoi, pampu ya petroli haifanyi kazi, na hata kiki haitakusaidia.

Tuseme stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Hapa ndipo penye utamu. Zungusha injini mara kadhaa, zima ufunguo, kisha uende kwenye plagi, ile inayotoa cheche. Ng'oa kofia yake kwa kuishika kofia yenyewe, usivute waya. Puliza mchanga uliozunguka plagi usije ukadondokea ndani ya silinda. Ifungue kwa spana yake, kwa kawaida ya 16 au ya 21, na uisogeze karibu na jicho.

Imelowa petroli? Basi petroli inafika, cheche ndiyo ya kushuku, au umeizamisha injini kwa petroli nyingi kwa kuzungusha mkono wa mafuta ovyo. Imekauka kabisa baada ya kuzungusha kote kule? Petroli haifiki. Kwa kuitazama plagi tu umejua uelekee upande gani. Na rangi nayo inasema: hudhurungi ni afya, masizi meusi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa, weupe ni petroli kidogo, weusi wa mafuta ya injini ni ringi za pistoni au sili za valvu zinazovujisha.

Tupime cheche. Futa petroli yote iliyomwagika. Ingiza plagi kwenye kofia yake, chuma chake kiguse mwili wa injini, mbali na tundu la plagi, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli. Usishike plagi kwa mkono mtupu. Washa ufunguo, zungusha. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna, weka plagi mpya kabla ya kulaumu koili, ile inayozalisha umeme mkali wa cheche. Pengo la plagi ya skuta mara nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.8, ila kitabu cha skuta yako ndicho kinachoamua. Unapoirudisha, anza kuifunga kwa vidole mpaka ikae. Uzi wa silinda ni wa alumini, ukiupotosha utalia.

Kama plagi ilikuwa kavu, chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa, ilegeze. Petroli ikitoka, itazame: maji hukaa chini kama matone yanayokwepa, na petroli iliyokaa miezi ina harufu kali ya kuchacha. Isipotoka, fuata bomba kutoka kwenye tangi. Skuta nyingi za kabureta zina koki inayofunguka kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Chomeka sirinji kwenye bomba lake jembamba, vuta. Petroli isipotiririka, koki imekufa au chujio limeziba.

Sasa ndiyo, fungua kabureta. Jeti ndogo, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, ndiyo huziba kwanza. Ielekeze kwenye mwanga: lazima uone tundu la mviringo safi. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kupuliza. Sindano ya chuma marufuku, inapanua tundu na hutalirudisha.

Cheche ipo, petroli ipo, bado imegoma? Zima ufunguo, toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, piga kiki taratibu. Mgandamizo mzuri unakisukuma kidole kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, tia kijiko cha chai cha oili ndani ya silinda, ujaribu tena. Ukipanda, ringi zimelika. Usipobadilika, ni valvu, na hapo mimi nisingeendelea uwanjani bila vifaa vya kupimia.

Ya kwetu ilikuwa jeti, na imewaka. Usiizime bado. Rudisha mita kwenye betri, zungusha mkono wa mafuta kidogo: inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, betri haipati chaji. Zima injini, chomoa soketi ya rektifaya, ile inayorekebisha umeme wa kuchaji betri, uikague pini zake kama zimeungua, kabla hujatoa pesa ya betri mpya.