Barua ya Mbunge Imefika: Soma Ukurasa wa Pili Kabla ya Kuitupa

BAKARI: Hamjambo wasikilizaji, hasa nyinyi mnaotusikiliza garini mkitoka zamu ya usiku. Mimi ni Bakari, niko na dada yangu Kemunto. Tunarekodi wiki ya kwanza ya Agosti 2025, na leo meza yetu imejaa makaratasi.

KEMUNTO: Barua za wabunge, kaka. Tuliwaomba wasikilizaji wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na Coon Rapids watutumie walizopokea. Za wabunge wa jimbo la Minnesota, si wale wa Washington. Bunge likifunga kikao, kila mmoja huwaandikia watu wake: tumepitisha hiki, tumezuia kile, ukiwa na shida tupigie.

BAKARI: Na wengi wetu huzitupa pamoja na karatasi za matangazo ya pizza.

KEMUNTO: Ukurasa wa kwanza hata mimi nakuruhusu utupe. Nimeweka barua mbili kando kwa kando, moja ya mbunge wa DFL, yaani Democrat wa huku kwetu, nyingine ya Republican. Bajeti ni ileile moja. Huyu anasema aliokoa shule, yule anasema aliokoa pesa za mlipa ushuru.

BAKARI: Mwamba ngoma huvutia kwake.

KEMUNTO: Ndiyo hivyo. Lakini safari hii wote wawili wana haki kidogo, kwa sababu uchaguzi wa mwaka jana uliliacha Baraza la Wawakilishi likiwa sare: viti 67 kwa 67. Ili mswada upite unahitaji kura 68. Kwa hiyo hakuna chama kilichoweza kupitisha kitu bila angalau mtu mmoja wa upande wa pili.

BAKARI: Na hapo ndipo jina la Melissa Hortman linapoingia.

KEMUNTO: Linaingia, na hapa Brooklyn Park bado ni vigumu kulitaja. Alikuwa mbunge wetu wa eneo la uchaguzi 34B, na aliwahi kuwa Spika. Mwezi wa sita kwenye kikao maalumu ulikuja mswada wa kuwaondoa watu wazima wasio na hati za uhamiaji kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo. Bila mswada ule, bajeti isingekamilika na ofisi za jimbo zingeanza kufungwa Julai. Upande wa DFL katika Baraza, kura ya ndiyo ilikuwa moja tu, ya kwake. Ikapita 68 kwa 65. Alizungumza na wanahabari huku akilia.

BAKARI: Siku tano baadaye, tarehe 14 Juni, akauawa nyumbani kwake pamoja na mumewe, Mark. Seneta John Hoffman na mkewe wakapigwa risasi usiku huohuo kule Champlin, wakanusurika. Mungu awape subira familia zao.

KEMUNTO: Amina. Nitarudi kwenye kile kiti, maana kuna uchaguzi mdogo. Lakini kwanza ukurasa wa pili wa barua.

BAKARI: Kabla ya hapo, dada, swali linalokuja kila wiki. "Huyu mbunge wa jimbo ananisaidia nini? Ana pesa?"

KEMUNTO: Hana. Hilo tulimalize mapema. Sisi tumekulia kwenye CDF. Mbunge wa nyumbani ana hazina ya eneo bunge, unamwendea kwa basari ya mtoto, unamwendea kwa mchango wa matanga, ukimkosa unamsubiri kwenye harambee. Wa hapa hana hata shilingi ya kugawa. Ubunge ni kazi ya sehemu ya mwaka, mshahara ni dola 51,750, wengi wana kazi nyingine. Hana msafara wa magari. Unaweza kumkuta dukani anachagua vitunguu.

BAKARI: Na sasa kwa kuwa tumepata mbunge mzaliwa wa Kenya, Huldah Momanyi-Hiltsley wa 38A, aliyechaguliwa Novemba 2024, naona watu wa kwetu wameanza kukunja kadi za harambee.

KEMUNTO: Wazikunjue tu. Sheria haimpi pa kutolea hizo pesa, awe Mkisii, awe Mnorway. Kitu alicho nacho ni simu ambayo idara za serikali ya jimbo huipokea.

BAKARI: Hebu hapo ukae kidogo.

KEMUNTO: Kila mbunge ana msaidizi, mfanyakazi wa bunge mwenye kazi ya kusoma barua za wananchi. Huyu ndiye mtu wako. Mwanamke mmoja ninayemfahamu, muuguzi, ombi lake la leseni lilikwama kwenye idara fulani ya jimbo. Kila akipiga simu anaambiwa "linashughulikiwa". Mwajiri naye amechoka kusubiri. Akaandika kwa ofisi ya mbunge wake. Msaidizi akamtumia fomu ya idhini, kwa sababu idara haiwezi kumzungumzia mtu mambo yake ya siri bila yeye kuruhusu. Akaweka sahihi. Kumbe karatasi moja kutoka chuo chake ilikuwa imeambatishwa kwenye faili lisilo lake. Hakuna aliyetoa hongo wala kupendelewa. Mtu mmoja alifungua faili akalitazama, basi.

BAKARI: Lakini mbunge hawezi kumwamuru mtu wa idara ampe leseni.

KEMUNTO: Hawezi, wala asijaribu. Anauliza tu faili limefika wapi na linasubiri nini. Mara nyingi hilo latosha.

BAKARI: Sasa mimi nataka tuwagawie watu shida kwa ofisi, maana hapa ndipo tunapopotea. Kuna shangazi mmoja alimwandikia seneta kuhusu green card. Akajibiwa kwa heshima kabisa kwamba hapo sipo. Alimwandikia seneta wa St. Paul.

KEMUNTO: Wengi wanaingia mtego huo, kwa sababu maseneta ni wa aina mbili. Kuna 67 wanaokaa jengo la Capitol mjini St. Paul, hao ni wa jimbo. Halafu kuna wawili wa Washington, Amy Klobuchar na Tina Smith. Uhamiaji, pasipoti ya Marekani, Social Security, mambo ya wanajeshi wastaafu: hayo yote ni ya Washington. Mwandikie mmoja wa hao wawili, au mbunge wako wa Congress.

BAKARI: Leseni ya udereva?

KEMUNTO: Jimbo. Na ukumbuke tangu tarehe 1 Oktoba 2023 leseni ya kawaida haiulizi hali yako ya uhamiaji. Malipo ya kukosa kazi, jimbo. Leseni ya uuguzi au ya kuendesha nyumba ya kutunza watu wenye ulemavu, jimbo. Na hapo nusu ya wasikilizaji wetu wameinua masikio.

BAKARI: Barabara?

KEMUNTO: Barabara ni kichekesho. Ile barabara kuu ya 252 inayotutesa kila asubuhi ni ya jimbo. Brooklyn Boulevard pale Brooklyn Center ni ya kaunti ya Hennepin. Theluji ya mbele ya nyumba yako ni ya mji. Shimo ni lilelile, tairi ni lilelile, lakini ofisi ni tatu.

BAKARI: Wallahi. Haya, ukurasa wa pili.

KEMUNTO: Ukurasa wa pili ndio wenye tarehe. Naanza na wapangaji, maana simu zinalia. Zamani ukipanga nyumba ulikuwa unajaza fomu ya M1PR, ile ya kudai marejesho ya ushuru wa nyumba, kisha unangoja cheki ya jimbo mwezi wa nane au wa tisa. Watu walikuwa wakiipangia kabisa: hii ni ya sare za shule, hii ya kutuma nyumbani. Mwaka huu wanaangalia sanduku la posta, cheki hakuna.

BAKARI: Hata mimi nimeulizwa na watu wawili msikitini.

KEMUNTO: Utaratibu umebadilika. Kuanzia ushuru wa mwaka 2024, marejesho ya mpangaji yameingizwa ndani ya fomu ya ushuru wa mapato wa jimbo. Ukiwa ulimpa mtayarishaji wako ile hati ya CRP, ya kuthibitisha kodi uliyolipa, ambayo mwenye nyumba hukupa mwanzo wa mwaka, basi pesa zako zilishakuja pamoja na marejesho mengine. Kama hukumpa, hazikuja, na hakuna cheki iliyo njiani. Itafute ile hati, urudi kwa mtayarishaji, mwambie afanye marekebisho. Hujachelewa.

BAKARI: Na mwenye nyumba wake mwenyewe?

KEMUNTO: Huyo bado ni M1PR, na tarehe ni 15 Agosti. Ni wiki ijayo, jamani. Ikikupita, dirisha liko wazi mwaka mmoja zaidi, lakini kwa nini pesa zako zilale kwa serikali?

BAKARI: Umesema nyumba za kutunza watu. Wengi wetu tuko huko, zamu mbili, kazi mbili. Barua hii hapa inataja likizo ya ugonjwa. Ni mpya?

KEMUNTO: Sheria ilianza 1 Januari 2024. Kila masaa 30 unayofanya kazi, unajipatia saa moja ya likizo yenye malipo, hadi masaa 48 kwa mwaka. Hata kama wewe ni wa muda, mradi unatarajiwa kufanya kazi masaa 80 kwa mwaka hapa Minnesota. Mtoto akiugua, unaitumia. Theluji ikifunga shule ya mtoto, unaitumia. Na mwajiri anatakiwa kukuonyesha kila kipindi cha malipo umebakiwa na masaa mangapi. Toa hati yako ya mshahara sasa hivi, siyo ukiwa unaendesha tafadhali, uangalie.

BAKARI: Kuna waajiri wa kwetu wenyewe watakaokununia kwa hilo.

KEMUNTO: Waninunie. Mtu kuwa wa kijiji chenu hakumwondolei sheria. Wengine kwa kweli hawajui, kwa hiyo anza kwa kuuliza vizuri. Ukinyamaziwa, Idara ya Kazi ya jimbo inapokea malalamiko.

BAKARI: Na hiyo likizo nyingine yenye malipo, ya Januari ijayo?

KEMUNTO: Tofauti na hiyo. Ile ya kwanza ni ya mafua, hii ni ya mambo mazito. Umejifungua, umefanyiwa upasuaji, unamuuguza mzazi. Inaanza 1 Januari 2026. Hadi wiki 12 kwa ugonjwa wako mwenyewe, hadi 12 kwa familia, na ukizichanganya zisizidi 20 kwa mwaka. Hulipwi mshahara mzima, lakini mwenye kipato kidogo anapata sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake. Mchango wa kuigharamia ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri lazima alipe angalau nusu. Kwa hiyo kwenye kila dola 1,000 wewe hukatwi zaidi ya dola 4 na senti 40. Ukikatwa zaidi, uliza.

BAKARI: Na MinnesotaCare?

KEMUNTO: Watu wazima wasio na hati, bima inakoma mwisho wa Desemba mwaka huu. Watoto wanabaki. Kama una miadi, dawa, macho, meno, yapange kabla ya hapo. Sina la kupamba.

BAKARI: Basari, dada. Umeigusa ukaiacha.

KEMUNTO: Basari ya hapa haipiti kwa mbunge. Inaitwa North Star Promise. Familia yenye mapato chini ya dola 80,000, mtoto akiingia chuo cha umma cha jimbo, ada inayobaki baada ya misaada mingine inalipwa. Anajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada, au ile ya Dream Act ya jimbo kama hana hati. Usimpigie mbunge, msukume mtoto akae chini ajaze.

BAKARI: Sasa yule asiye raia. Anaweza kumwandikia mbunge, au ni mpaka apige kura?

KEMUNTO: Anaweza. Ofisi inachouliza ni unaishi wapi, ili wajue wewe ni wa eneo lao. Ndiyo maana anwani inakuja mwanzo. Ingia tovuti ya bunge, weka anwani yako, majina yatatokea: mbunge, seneta wa jimbo, na wa Washington pia. Kisha andika kwa ufupi. Usianze na historia tangu ulipotua uwanja wa ndege.

BAKARI: Tuandikie mfano hapahapa.

KEMUNTO: "Naitwa fulani, naishi mtaa huu, Brooklyn Park. Tarehe hii niliomba leseni kwenye idara hii, namba ya ombi ni hii. Nimepiga simu tarehe hii na hii, nikajibiwa hivi. Naomba mniulizie ombi langu limekwama wapi. Simu yangu ni hii, napatikana mchana baada ya saa nane kwa sababu nafanya kazi usiku." Imeisha. Namba ya Social Security usiiweke kwenye barua pepe.

BAKARI: Wakinyamaza?

KEMUNTO: Wape wiki moja, upige simu. Usikasirike na msaidizi, anahudumia watu wengi. Na kama umeandika kwa mbunge, mnakilishe seneta wa jimbo pia. Eneo moja la seneta limegawanywa maeneo mawili ya wabunge, A na B. Wewe una mbunge wako mmoja na seneta mmoja, kwa hiyo una watu wawili pale St. Paul.

BAKARI: Isipokuwa wa 34B, ambao kwa sasa wana mmoja.

KEMUNTO: Kwa sasa. Mchujo ni Jumanne ijayo, tarehe 12, na uchaguzi wenyewe ni 16 Septemba. Kama wewe ni raia na unaishi humo, hata hujajiandikisha, Minnesota inakuruhusu kujiandikisha palepale kituoni siku ya kura. Beba kitambulisho na kitu chenye anwani yako. Watu wa zamu ya usiku, pitieni mkitoka kazini kabla hamjalala, kwa sababu mkishalala najua mtaamka saa ngapi.

BAKARI: Wiki ijayo tuna mtayarishaji wa ushuru studioni, atajibu maswali ya CRP. Tumeni mapema, na msitutumie picha za hati zenu zikiwa na namba zote.

KEMUNTO: Zibeni na kidole basi.

BAKARI: Haya, kwaherini.