Mlima Usio na Mto

Naona walionisikia mwaka jana wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni ramani ileile, na ni yaleyale ya maji yetu hapa Mombasa.

Hivi ni vilima vya Chyulu, kipimo cha 1:50,000. Sentimita moja hapa ni nusu kilomita kule. Mistari ya kontua, ile inayounga mahali penye kimo kimoja, ikibanana, jueni utapanda ukihema. Viduara hivi ni vilele vya volkeno, na kijani cha juu ni msitu wa ukungu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari yetu hii. Haya, nitafutieni mto. Mmoja tu.

Mwanafunzi wangu aliutafuta kipindi kizima, kidole toka kaskazini hadi kusini. Mwisho akasema, "Mwalimu, wachoraji wamesahau." Hawakusahau kitu! Nikachukua ndoo ya kokoto, nikamimina maji. Yako wapi? "Yamezama." Basi ndivyo. Chyulu ni lava na majivu ya volkeno, nyingine ilimwagika katikati ya karne ya 19, yaani juzi. Mvua ikinyesha haikai juu. Inanywewa na mlima, inakwenda chini kwa chini makumi ya kilomita, inatokea chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, maji maangavu hata kiboko unamwona anavyotembea chini. Pale yakawekewa bomba miaka ya 1950 kuja Mombasa. Kijana akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo chai ya mama ni Chyulu?" Sehemu yake, mwanangu. Mengine ya visima vya Baricho, mengine ya chemchemi za Marere. Na mtungi wa mkokoteni usiniulize ni wa wapi.

Najua kuna anayenuna hapo nyuma: mfereji wangu hautoi tone, huyu mzee aniletea habari za mlima! Una haki. Lakini bomba bovu huitiwa fundi. Msitu unaotutunzia maji haya ukishachomwa mkaa, utamwita nani? Na wewe wa "tuna bahari, tutoe chumvi tu", bili ya umeme wa mtambo huo tukuletee wewe?

Nilitaka kusema pia habari za vilima vya Shimba, maana maji ya Marere hutoka huko, na za moto wa kiangazi, na za mifugo. Naonyeshwa saa. Haya.

Ramani naiacha mezani, njooni mtazame. Ila msiguse pale penye kijani, vidole vimeshapatoboa.