Pima Mzunguko wa Jua kwa Doa Moja

Usilikodolee macho Jua. Tunatumia picha za kifaa cha HMI, kamera iliyo kwenye SDO, chombo cha NASA cha kuchunguza Jua kutoka angani. Humo kaskazini ya Jua tayari iko juu.

Pakua picha mbili zilizopishana saa 48 kamili, ukubwa uleule. Chagua doa (alama nyeusi usoni mwa Jua) la mviringo lililotangulia kundi lake, la upande wa kulia. Madoa ya nyuma humeguka upesi, na kesho hutajua ulilipima lipi.

Bofya ukingo wa kushoto, halafu wa kulia, gawa tofauti yake kwa mbili. Tuseme nusukipenyo ni pikseli 460. Sasa kuza picha, weka kielekezi katikati ya kiini cheusi, si kwenye ukanda wa kijivu unaokizunguka. Doa letu liko pikseli 92 juu ya kitovu. Hapa wengi hukosea: programu nyingi za picha huhesabu kutoka juu kwenda chini, na doa la kaskazini linajikuta kusini.

92 kwa 460 ni 0.2. Bonyeza sini kinyume: nyuzi 11.5, ndiyo latitudo. Zidisha 460 kwa kosini ya 11.5, upate 451. Picha ya kwanza doa liko pikseli 120 kushoto. 120 kwa 451, sini kinyume, nyuzi 15.4. Ya pili liko 87 kulia: nyuzi 11.1. Jumla 26.5, yaani 13.25 kwa siku.

Ukiishia hapo, 360 kwa 13.25, utapata siku 27.2, na si jibu. Dunia nayo inalizunguka Jua kuelekea upande uleule, kama nyuzi 0.99 kwa siku. Ongeza: 14.24. 360 kwa 14.24 ni siku 25.3.

Rudia na doa la latitudo 30. Tarajia karibu siku 26.4, maana gesi ya ikweta huwahi. Acha madoa yaliyopita nyuzi 60 kutoka katikati: hapo kosa la pikseli moja linakuwa maradufu. Machi na Septemba mhimili wa Jua umeinama hadi nyuzi 7.25 kwetu, hivyo hesabu hii nyepesi hufaa zaidi mwanzoni mwa Juni na Desemba.

Ukilinganisha na kasi ya gesi ya juu iliyopimwa kwa athari ya Doppler (rangi ya mwanga hubadilika kidogo gesi ikisogea kwetu au ikienda mbali), doa litaonekana kuitangulia kidogo. Uga wa sumaku unaolishikilia umezama kwenye tabaka za chini, na mawimbi ya ndani ya Jua yanaonyesha kwamba tabaka hizo huzunguka haraka zaidi. Mkondo wa gesi wa kwenda ncha za Jua usiutafute hapa: mita 15 kwa sekunde, kwa saa 48, haifiki hata pikseli mbili.