Mita Mbili na Nusu za Daraja la Kigamboni

Shikamooni wazee wangu wa safu ya mbele. Ninyi wengine, hamjambo? Nimepewa dakika ishirini za kuzungumzia waenda kwa miguu na wapanda baiskeli kwenye daraja. Sikuja na picha za kuonyesha ukutani, nimekuja na futikamba. Naomba vijana wawili, kila mmoja ashike ncha. Vuta. Vuta tena. Hapo hapo, simameni.

Hiyo ni mita mbili na nusu. Ndio upana wa njia ya miguu, kila upande, kwenye Daraja la Nyerere hapa Dar es Salaam, ambalo sisi tumezoea kuliita Daraja la Kigamboni. Lilifunguliwa Aprili 2016. Urefu wake ni mita 680 na upana ni mita 32. Magari yana njia sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Jumlisha njia ya miguu ya kulia na ya kushoto, unapata mita tano. Tano katika thelathini na mbili haifiki hata sehemu moja ya sita.

Simlaumu aliyechora. Yapo madaraja mengi nchi hii ambayo mtu wa miguu anajibanza ukingoni huku kioo cha lori kikimpepea sikio. Hapa angalau kuna njia. Lakini tuijaze kidogo tuone.

Mama, samahani, njoo usimame hapa. Tuseme una beseni la ndizi kichwani na mtoto mkononi. Mama na mtoto wake wamechukua mita moja na kitu. Sasa wewe kijana, lete hiyo baiskeli. Usukani ni kama sentimita sitini, lakini baiskeli hainyooki kama reli, inayumba, kwa hiyo mpe mita nzima. Na kama nyuma amefunga tenga la samaki wa soko la Feri, ongeza. Imebaki nafasi gani? Kiganja kimoja. Na hapo hatujamleta wa pili anayetoka upande wa pili, wala mwenye guta, wala muuza maji aliyeona watu wengi akatandika biashara yake. (Kicheko.) Mnacheka, lakini penye miguu mingi Dar es Salaam, biashara hufika kabla ya taa za barabarani.

Kaeni, asanteni. Futikamba iacheni hapo chini, tutaihitaji.

Wanafunzi wa uhandisi walioko hapa wanajua jambo moja ambalo huwashangaza wengine. Watu ni wazito kuliko magari madogo. Njia ya miguu husanifiwa kubeba umati uliosongamana, takriban kilo mia tano kwa kila mita ya mraba. Chukua gari dogo la tani moja na nusu, liweke kwenye foleni, ligawie njia yake ya mita tatu na nusu kwa urefu wa mita sita hivi. Inakuja kama kilo sabini kwa mita ya mraba. Umati una uzito mara saba! London walikumbushwa jambo la jamii hii Juni 2000, walipofungua Millennium Bridge, daraja la miguu tupu juu ya mto Thames. Watu walipojaa, daraja likayumba kulia na kushoto, nao bila kujua wakaanza kukanyaga kwa kufuata ule myumbo, na kadiri walivyoufuata ndivyo ulivyozidi. Siku mbili tu likafungwa, na halikufunguliwa tena mpaka 2002, baada ya kufungiwa vifaa vya kuzuia mtikisiko. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba waenda kwa miguu ni wageni tu darajani, mwambie asome hesabu za mzigo.

Lakini hayo bado ni mambo ya juu ya daraja, na mimi leo nataka tushuke chini. Mita 680 kwa mwendo wa kawaida ni dakika nane. Kwa baiskeli hata tatu hazifiki. Hakuna mtu aliyeacha kuvuka kwa sababu ya dakika nane. Wanaacha kwa sababu ya yale yaliyo kabla ya daraja na baada yake.

Angalieni ramani kichwani mwenu. Daraja liko Kurasini kwa upande huu, Vijibweni kwa upande ule. Pantoni iko Magogoni, mdomoni mwa bandari, ambako maji ni membamba, mita mia chache tu, na ukishuka upande wa mjini uko Feri, hatua chache ufike Posta. Mwenye gari anayekaa Kigamboni, kwake daraja limefuta foleni ya pantoni. Kilomita kadhaa za kuzunguka hazihisi. Mwenye miguu yake anazihisi zote, kisigino kwa kisigino. Kwake yeye daraja limejengwa mahali pengine. Ndiyo maana daraja lilipofunguliwa, pantoni haikukosa abiria, na haitakosa kesho. Na iwapo mkubwa yeyote atafikiri kupunguza vivuko kwa kuwa “sasa daraja lipo,” muulizeni swali moja: lipo kwa nani?

Mwenye baiskeli yuko katikati. Kwake kilomita tano si kitu. Yeye shida yake ni barabara ya kufikia daraja. Upande wa Kurasini kuna bandari, na penye bandari kuna malori ya makontena. Nimewahi kuendesha baiskeli nikiwa na trela ubavuni, sitataja barabara gani, na nawaambieni mtu husali kwa sauti. Sasa unampa mtu huyo njia nzuri ya mita mbili na nusu juu ya maji, kisha unamwachia kwenye mzunguko wa malori. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni na kumwambia apitie dirishani.

Wenzetu wa Sydney wanalijua hili vizuri. Daraja lao kubwa la bandari lilifunguliwa mwaka 1932, na wapanda baiskeli wana upande wao, wa magharibi, peke yao. Raha tupu. Lakini kwa miaka mingi, ukifika mwisho wa kaskazini ulikuta ngazi 55, uteremke ukiwa umebeba baiskeli begani. Mhandisi hakuwa mjinga. Kushuka mita kumi kwa mwinuko anaoumudu mwenye baiskeli, tuseme mita tano kwa kila mia, kunahitaji njia ya mita mia mbili, na mita mia mbili mjini ni viwanja vya watu. Ngazi ni rahisi. Urahisi ule akaulipa mwenye baiskeli kila siku.

Na New York? Brooklyn Bridge ilipofunguliwa Mei 1883, mhandisi wake alikuwa ameweka njia ya miguu katikati, juu ya vichwa vya magari ya farasi, mtu atembee akiona bahari. Ulilipa senti moja kupita. Miaka ikaenda, baiskeli na watalii wakabanwa kwenye mbao hizohizo, mstari wa rangi katikati, na matusi yakawa mengi kuliko kengele. Septemba 2021 jiji likafanya lililokuwa likionekana haliwezekani: likachukua njia moja ya magari, likaweka ukuta wa kukinga, likawapa baiskeli. Hawakumwaga zege jipya wala kuongeza nguzo. Walichobadilisha ni mgao.

Naomba mlikumbuke hilo la mgao, kwa sababu hapa kwetu tukidai njia ya baiskeli tunajibiwa kuhusu fedha. Mara nyingine ni fedha kweli. Daraja letu lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 60 na Serikali 40, na tozo za magari zipo ili fedha irudi. Mimi sina ugomvi na hesabu hiyo. Lakini upana ulikwisha kulipiwa. Mita 32 ziko pale. Kuzigawa upya ni rangi, vizuizi na uamuzi.

Kuna dada pale ameinua mkono tangu zamani. Anauliza: tunajuaje kwamba waenda kwa miguu ni wengi kiasi hicho, kama hakuna aliyewahesabu?

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba twende tukawahesabu wenyewe. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, upande wa Kurasini, nitakuwa na futikamba hii, karatasi na kalamu. Safu moja ya miguu, moja ya baiskeli, moja ya maguta na mikokoteni, na ya mwisho ya wale waliofika darajani wakageuka. Hao wa mwisho nataka tuwasimamishe, tuwasalimu, tuwaulize walikuwa wanaelekea wapi. Atakayekuja kunisaidia aje na kofia, jua la pale halina huruma.